DNA na ndege adimu wa kufugwa: soma hii kabla hujamchoma ndege sindano

Maswali ni yaleyale kila siku. Nichukue damu au manyoya? Nipime alama (yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya ndege na ndege) ngapi? Maabara imesema kifaranga huyu sio wa yule dume, sasa nifanyeje? Na lile linaloniumiza kichwa kuliko yote: tukishapata DNA, si daftari la ukoo tunaweza kuachana nalo? Nimejibu kipande kipande mpaka nimechoka, basi naandika yote hapa. Kama umekabidhiwa kundi la ndege walio hatarini kutoweka, wawe kasuku, njiwa, bata au korongo, na hujawahi kushika karatasi ya matokeo ya DNA maishani mwako, hii ni ya kwako.

Tuelewane jambo moja mapema. DNA haikupangii nani akae banda moja na nani. Inakuonyesha daftari lako limekosea wapi, basi. Anayepanga ni daftari likishasahihishwa. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata yenyewe, ukiliacha utatumia hela nyingi kupata namba ambazo hujui uzipeleke wapi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari la ukoo, hata la kwenye ekseli. Kila ndege na namba yake, na namba ya aliyekufa hapewi mwingine. Tarehe ya kuanguliwa, mama, baba, amekaa mabanda gani kuanzia lini hadi lini, amekufa lini na kwa nini.
- Pete au mikrochipu kwa kila ndege. Bila hivyo usiendelee, manake utapima damu ya ndege ambaye kesho humjui.
- Vibali. Vya mwenye ndege, vya mamlaka ya wanyamapori, na kama spishi iko kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) na maabara iko nchi nyingine, hata tone la damu linahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Anza kuvitafuta leo, vinachukua muda kuliko upimaji wenyewe.
- Daktari wa wanyama, au mtu aliyefundishwa kutoa damu ya ndege na anayeruhusiwa kufanya hivyo.
- Maabara iliyowahi kupima ndege. Waulize mapema wanataka sampuli za aina gani na wamewahi kufanya spishi yako au jamaa yake wa karibu.
- Tyubu ndogo zenye kifuniko cha kuskrubu, ethanoli ya 96%, sindano nyembamba, mirija ya kapilari, pamba, bahasha za karatasi, na PENSELI. Penseli nitairudia huko chini.
- Programu ya PMx kwenye kompyuta, ndo itakayokokotoa undugu na kukusaidia kupanga jozi. Ni ya bure. Kama kituo chenu kinatumia ZIMS (mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanyama wa kufugwa), data ya daftari inatoka huko inaingia PMx bila shida kubwa.

Hatua ya 1: andika swali lako kwenye karatasi

Sio utani, liandike. "Nataka kupima DNA" sio swali. Swali ni kama: huyu ni jike au dume? Baba wa vifaranga hawa ni yupi kati ya madume matatu? Ndege tuliowatoa porini ni ndugu au sio ndugu? Kuna chotara humu ndani? Kila swali lina kipimo chake na gharama yake. La jinsia ni rahisi na la haraka, la undugu wa waanzilishi, yaani ndege wa kwanza waliotoka porini, linataka alama nyingi sana, na ukiyachanganya utalipia kipimo kikubwa kwa swali dogo, au kibaya zaidi, kipimo kidogo kwa swali kubwa alafu uamini majibu.

Hatua ya 2: safisha daftari kwanza

Pitia ndege mmoja mmoja. Usipomjua baba andika "hajulikani", usiandike dume aliyekuwa karibu kwa sababu "lazima ni yeye". Kubahatisha kukishaingia daftarini kunageuka ukweli baada ya miaka mitano, mtu aliyebahatisha ameshahama na hakuna anayekumbuka.

Andika pia nani alikuwa banda gani tarehe ngapi, hata kama unaona ni upuuzi. Majike wa ndege wanahifadhi mbegu za dume mwilini. Kuku anaweza kutaga mayai yenye mbegu wiki mbili hadi tatu baada ya kutengwa na jogoo, na bata mzinga anakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo jike uliyemhamisha jumatatu ukampa dume mpya, mayai yake ya kwanza yanaweza kuwa ya mume wa zamani kabisa. Bila tarehe za mabanda hutajua hata wa kumshuku.

Hatua ya 3: chukua sampuli

Damu ndo bora. Tofauti na sisi, chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, na kiini ndo chenye DNA, kwa hiyo tone dogo tu linatosha kupima mara nyingi. Unahitaji kama mikrolita 20 hadi 50, yaani tone moja au mawili. Kiwango ambacho watu wengi wanakubaliana ni kutozidi 1% ya uzito wa ndege mwenye afya, kwa ndege wa gramu 30 hiyo ni mililita 0.3, na wewe huhitaji hata robo ya hapo. Ukimwona mtu anajaza sindano, msimamishe.

Mshipa wa bawa, upande wa ndani karibu na kiwiko, ndo unaotumika sana. Bonyeza pamba mpaka damu ikate kabisa kabla ya kumwachia. Usikate ukucha ili damu itoke, inauma, na damu inachanganyika na uchafu. Usimshike kifuani kwa nguvu pia: ndege hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kutanua kifua, ukimbana kifua umemziba pumzi.

Manyoya yanafaa kama huwezi kupata damu, lakini kuna manyoya na manyoya. Yaliyong'olewa sasa hivi, mawili matatu ya kifuani, shina lake likiwa halijaguswa na vidole, ni mazuri. Yaliyookotwa chini ya banda yana DNA kidogo na mara nyingine imeshaharibika kwa jua na unyevu. Ukilazimika kutumia ya kuokota, chukua makubwa na mwambie mtu wa maabara atafute kidonge kidogo cha damu iliyoganda kwenye kile kitundu cha juu cha shina, pale chini tu ya nywele za unyoya, hapo panakuwa na DNA nzuri kuliko ncha. Na using'oe manyoya makubwa ya bawa wala ya mkia kwa ajili ya kipimo.

Yai lisiloanguliwa usilitupe! Kiinitete kilichokufa ni sampuli kamili, kata kipande kidogo weka kwenye ethanoli. Ndege mzima akifa fanya hivohivo, kipande cha msuli. Nimeona vituo vinalia havina sampuli za waanzilishi wao wakati waanzilishi walifia mikononi mwao wakazikwa wazima wazima.

Hatua ya 4: lebo na kutunza

Hapa ndo penseli inaingia. Wino wa kalamu nyingi unayeyuka kwenye ethanoli. Miaka ile naanza niliandika tyubu zote kwa kalamu nzuri nyeusi, nikazipanga kwenye boksi, tyubu moja ikavuja njiani, boksi likafika na tyubu 40 nyeupe safi kama zimetoka dukani. Tuliwashika ndege wote upya. Tangu hapo naweka kikaratasi cha penseli NDANI ya tyubu na lebo nyingine nje.

Andika namba ya daftari, namba ya pete, tarehe, na aina ya sampuli. Jina la utani la ndege peke yake halitoshi, kila kituo kina "Mrembo" wake.

Damu iwe kidogo na ethanoli iwe nyingi, angalau mara kumi ya damu, la sivyo inaganda bonge ambalo katikati linaoza. Tikisa palepale. Kama mnatumia tyubu zenye dawa ya kuzuia kuganda, chagua za EDTA, za heparini zinasumbua upimaji. Manyoya yakae makavu kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki, plastiki inatunza jasho na kuvu wanafurahi. Na siku zote gawa sampuli mara mbili, nusu inabaki kwenu.

Hatua ya 5: chagua kipimo

Kwa kifupi tu, manake maabara itakueleza zaidi:

Mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia), alama 10 hadi 20 zenye aina nyingi, zinatosha kujua baba na mama. Kwa kukadiria undugu wa ndege wawili wasiojulikana hazitoshi, hata ukiambiwa zinatosha. Alama za SNP (mahali ambapo herufi moja tu ya DNA inatofautiana), kuanzia mia kadhaa hadi maelfu, ndo za kazi ya undugu na uchotara. Kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya ndege, ni kuzuri ila sio lazima uanzie huko. Kule Nyuzilandi walisoma jenomu za kasuku kakapo karibu wote waliokuwa hai, lakini wale walikuwa wameshaweka kumbukumbu za kila ndege kwa miaka mingi kabla ya hapo.

DNA ya mitokondria inafuata mama tu. Inakwambia ukoo wa kikeni, haikwambii chochote kuhusu baba. Watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi, alafu wanaitumia kusema "huyu ni safi sio chotara". Anaweza kuwa na mama safi na baba wa spishi nyingine, na kipimo hicho kisione kitu.

Hatua ya 6: anza na jinsia

Kwa ndege ni kinyume na binadamu, jike ndo mwenye kromosomu mbili tofauti, ZW, na dume ni ZZ. Kipimo cha kawaida kinaangalia jeni la CHD lililopo kwenye Z na kwenye W: kwenye picha ya maabara jike anatoa mistari miwili, dume mmoja. Rahisi, na ina mtego. Kama DNA ni dhaifu mstari wa W unaweza usitokee, na jike akaandikwa dume. Kwa hiyo kila mara sampuli zako zipimwe pamoja na za jike na dume ambao mnajua kwa uhakika ni nini, na sampuli za manyoya ya kuokota zirudiwe. Kwa mbuni na emu kipimo hiki hakifanyi kazi, kinahitajika kingine.

Hatua hii watu wanaidharau. Kuna jozi zimekaa banda moja miaka mitatu watu wanasubiri mayai, kumbe ni madume wawili marafiki.

Hatua ya 7: hakiki wazazi

Toa orodha ya wote ambao WANGEWEZA kuwa wazazi, sio wale tu unaodhani ndio. Dume wa banda la jirani kama wavu una tundu. Dume wa zamani wa jike kama nilivyosema. Na mama pia umshuku, majike wa spishi nyingi, hasa bata, wanatagia kwenye viota vya wenzao, na nyinyi wenyewe mnahamisha mayai kwenye mashine mnachanganya.

Programu kama CERVUS au COLONY zitakupa mzazi anayefaa zaidi. Angalia alama zisizolingana. Moja ikikataa kati ya 15, usikimbilie kufuta jina la baba, inaweza kuwa kosa la upimaji au aleli (aina mojawapo ya alama) isiyoonekana. Zikikataa tatu nne, huyo sio. Shida kubwa ni pale madume wawili unaowashuku ni ndugu tumbo moja, programu itakuwa inarukaruka kati yao, dawa ni kuongeza alama, sio kuchagua unayempenda.

Kila badiliko daftarini andika tarehe na sababu, na usifute la zamani, liache kwenye safu ya pembeni. Kuna siku utalihitaji.

Hatua ya 8: waangalie waanzilishi

Hapa ndo DNA inalipa hela yake. Daftari lolote linaanza kwa kudhani kwamba ndege wa kwanza waliotoka porini hawana undugu wowote. Huo ni uongo wa kistaarabu tu, kwa sababu hakuna jinsi nyingine. Kama spishi ilishabaki na ndege wachache porini, uliowatoa pale wana kila sababu ya kuwa ndugu. Kondori wa California mwaka 1982 walibaki 22 tu, mwaka 1987 wa mwisho wa porini akakamatwa, jumla wakawa 27 wote kwenye mabanda, na wote waliopo leo wanatoka kwa waanzilishi 14. Upimaji ulionyesha hao waanzilishi wanajigawa kwenye koo tatu, na upangaji wa jozi ukafuata hizo koo.

Kabla ya kuamini namba zako fanya jaribio hili: chukua ndege ambao unajua kwa hakika ni ndugu wa baba na mama mmoja, na wengine unaojua hawana undugu, wapime kwa alama zilezile, uone programu inawapa namba gani. Kama ndugu wanatoka kati ya 0.1 na 0.8, kipimo chako ni dhaifu, hakiwezi kukwambia lolote kuhusu waanzilishi.

Na hapa kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi mpaka sasa naliangalia kabla ya kusoma kitu kingine. Programu nyingi za DNA zinatoa namba ya uhusiano (relatedness), ambapo ndugu wa baba na mama mmoja ni 0.5. PMx inataka namba ya undugu (kinship), ambapo ndugu haohao ni 0.25. Ni nusu. Ukimwaga namba za kwanza kwenye PMx bila kugawa kwa mbili, umewafanya ndugu wa baba mmoja waonekane ndugu wa tumbo moja, na mpango wako wote unakwenda kombo kimyakimya, hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Namba zikitoka hasi usishtuke, maana yake hawa wawili wanafanana chini ya wastani wa kundi. Wahesabu sifuri. Na usibadilishe daftari kwa vitofauti vidogovidogo, badilisha pale ushahidi ni mzito, kwa mfano waanzilishi wawili ambao kila kipimo kinasema ni ndugu. Hapo unawawekea wazazi wa kubuni wa pamoja kwenye nakala ya uchambuzi. Nakala ya uchambuzi! Daftari halisi linabaki na ukweli wa kilichotokea, usiingize mzazi hewa humo.

Hatua ya 9: tafuta wastani wa undugu wa kila ndege

Hii kwenye PMx utaiona imeandikwa MK. Ni wastani wa undugu wa ndege mmoja na kundi zima lililo hai, yeye mwenyewe akiwemo. MK ndogo maana yake ana jamaa wachache, jeni zake ni adimu. MK kubwa maana yake ukoo wake umejaa kila banda.

Fanya moja kwa mkono uelewe. Una ndege wanne hai. Wa 1, 2 na 3 ni ndugu wa tumbo moja, wa 4 hana undugu nao, wazazi wote wamekufa. Undugu wa ndege na yeye mwenyewe ni 0.5, na ndugu yake 0.25, na asiye ndugu 0. MK ya ndege wa 1 ni 0.5 + 0.25 + 0.25 + 0, gawa kwa 4, unapata 0.25. Ya ndege wa 4 ni 0.5 gawa kwa 4, yaani 0.125. Wastani wa kundi lote ni 0.219 hivi, na ukitoa hiyo kwenye 1 unapata 0.78, ndo kiasi cha utajiri wa jeni mlichobakiza kutoka porini, asilimia 78.

Sasa fikiria ndege wa 4 angekuwa na ndugu wa tumbo moja mmoja tu hai. Ukikokotoa upya kundi linapanda mpaka 0.82. Ukiongeza mdogo wao wale watatu badala yake, linashuka kidogo, kutoka 0.781 mpaka 0.780. Kifaranga mmoja mmoja, lakini mmoja anapandisha na mwingine anashusha. Lengo ambalo vituo vingi vinajiwekea ni kubakiza asilimia 90 kwa miaka 100, na kama mmeanza na waanzilishi wanne hamfiki hapo hata mkijitahidi vipi, juu kabisa ni 87.5, kwa hiyo msijilaumu, tafuteni waanzilishi wapya kama wapo.

Hatua ya 10: panga jozi

1. Panga orodha mbili, majike na madume, MK ndogo juu.
2. Anza juu: wenye MK ndogo waoane na wenye MK ndogo. Kumpa ndege adimu mwenza wa ukoo uliojaa ni kosa, manake jeni adimu na jeni za kawaida zinaingia kwa watoto walewale na huwezi tena kuongeza moja bila kuongeza nyingine.
3. Angalia undugu wa wenyewe kwa wenyewe. Namba ya undugu wa wazazi ndo namba inayoonyesha kifaranga amezaliwa na ndugu wa karibu kiasi gani: ndugu tumbo moja wakizaa, kifaranga ana 0.25, watoto wa mama mdogo na mama mkubwa wakizaa ni 0.0625.
4. Weka mwenza wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa kila ndege. Ndege wana roho zao, kuna jozi nzuri kabisa kwenye kompyuta ambayo ukiikutanisha wanataka kuuana. Penye nafasi, mpe jike achague kati ya madume wawili watatu ambao wote hesabu inawakubali.
5. Sema idadi ya vifaranga unaowataka kwa kila jozi. Jozi hodari ndo hatari yako kubwa, ukiiachia itajaza kituo kwa watoto wake.

Hapo namba 5 nisisitize kidogo. Kuacha "wanaozaa vizuri wazae" kunabadilisha ndege wenyewe. Kule visiwa vya Chatham robini mweusi alibaki na ndege watano mwaka 1980, jike mmoja tu ndo akaendeleza kizazi, na waokoaji walikuwa wakiona yai limetagwa ukingoni mwa kiota wanalisukuma ndani. Roho nzuri. Ila tabia ya kutagia ukingoni ilikuwa ya kurithi, ikaenea mpaka zaidi ya nusu ya majike, na waokoaji walipoacha kusukuma mayai ikaanza kupungua yenyewe. Ukiwasaidia wote sawasawa, umechagua pia, hata kama hukukusudia.

Jeni la ugonjwa likionekana

Usiwaondoe wabebaji wote kwa mkupuo. Kondori wa California wana jeni la udumavu wa mifupa linaloua kifaranga kabla ya kuanguliwa akilipata kutoka pande zote mbili. Wakiondolewa wote wanaoshukiwa kulibeba, na jeni nyingine nzuri walizonazo zinaondoka nao. Njia yenye busara zaidi ni kutowaoanisha wabebaji wawili, na kuwapunguzia idadi ya watoto taratibu. Vilevile usichague ndege kwa jeni moja unalolipenda, la kinga au la rangi, ukasahau maelfu mengine.

Mambo yakienda ndivyo sivyo

*Maabara inasema DNA haitoshi.* Mara nyingi ni ethanoli ilikuwa kidogo au manyoya yalikaa na unyevu. Tuma ile nusu uliyobakiza kabla ya kumshika ndege tena.

*Ndege wawili wametoka na DNA ileile.* Mapacha wa kufanana ni nadra sana kwa ndege. Ni tyubu zimechanganywa, au ni ndege mmoja mwenye pete mbili daftarini. Angalia mikrochipu.

*Hakuna dume hata mmoja anayefaa kuwa baba.* Rudi kwenye tarehe za mabanda, ongeza wa zamani na wa jirani, hakikisha mama ni mama kweli. Ikishindikana, angalia kama kifaranga ni dume na kila alama yake ina nakala mbili zilezile, zote za mama. Huyo anaweza kuwa amezaliwa bila baba. Sio hadithi, mwaka 2021 ilitangazwa kwamba madume wawili wa kondori wa California walipatikana hivyo kwenye ukaguzi wa kawaida wa wazazi, na mama zao walikuwa na madume wazima kwenye banda.

*Ndugu wa tumbo moja wametoka 0.38 badala ya 0.5.* Kawaida, ndugu hawagawani sawasawa, na kipimo nacho kina mtikisiko wake. Daftari liache lilivyo.

*Ndege wote wanaonekana hawana undugu ingawa unajua wote ni jamaa.* Programu imepata kipimo cha kawaida kutoka kwenye hilohilo kundi la jamaa, kwa hiyo inawalinganisha wenyewe kwa wenyewe. Tumia data ya waanzilishi au ya ndege wa porini kama ipo, kama haipo fuata daftari.

*Kuna ndege anaonekana wa ajabu, pengine chotara au spishi nyingine.* Acha kumzalisha kwanza, usimtoe kundini, pima kwa alama nyingi za SNP pamoja na sampuli za spishi unayoishuku. Na usikimbilie kusema ni aina mpya: kuna fezanti wa Vietnam mwenye manyoya meupe mkiani aliyehesabiwa spishi yake peke yake kwa miaka, mpaka upimaji uliotolewa 2012 ukaonyesha ni fezanti wa Edwards tu, weupe ule ukielezwa kuwa dalili ya kuzaliana ndugu kwa ndugu.

*Mayai hayaanguliwi, ni undugu?* Labda, lakini usianzie hapo. Pasua yai. Mengi yanayoandikwa "hayana mbegu" yana kiinitete kilichokufa siku za mwanzo, kidogo kiasi kwamba kwa macho huoni, na mtu wa maabara anaweza kutafuta mbegu za dume kwenye utando wa kiini kwa hadubini. Kama mbegu hazipo kabisa, shida ni dume au jozi haipandani. Kama zipo na viinitete vinakufa mapema kwenye jozi moja tu, linganisha undugu wa hao wazazi na wa jozi nyingine, alafu wabadilishie wenza msimu ujao uone. Kama vinakufa kwenye mabanda yote kwa wakati mmoja, acha DNA kwanza, nenda kakague joto na unyevu wa mashine ya kutotolesha.